Kuganda mbele ya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye ADHD

Maswali haya nimeulizwa, nimeyasikia yakiulizwa, na mengi nimejiuliza mwenyewe usiku nikiwa sijafanya nilichoapa kukifanya mchana. ADHD ni hali ya ubongo inayompa mtu shida ya kuwa makini, kutulia au kujizuia. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Kama umeganda sasa hivi, ruka moja kwa moja hadi swali la 6.

## Kwanza, tunazungumzia nini?

1. Kuganda mbele ya kazi ni hali gani?

Ni pale unapojua kazi ipo, unajua inavyofanywa, unatamani iishe, na bado mwili hausogei. Asubuhi moja nilikaa ukingoni mwa kitanda dakika 40 na soksi moja mkononi. Ya pili ilikuwa sakafuni karibu na mguu wangu wa kushoto, naiona kabisa. Muda wote huo kichwani nilikuwa napiga kelele: vaa, vaa, unachelewa. Mtu angechungulia mlangoni angedhani najipumzisha.

Wengine wanagandishwa na ukubwa wa kazi ambayo haina pa kuingilia. Wengine mambo ni mengi na yote yanaita kwa sauti ileile, hivyo hakuna linaloitikiwa. Yuko pia anayeganda kwa kusubiri, na huyo nimemwekea swali lake, la 15.

2. Je, ni ugonjwa unaotambulika?

Kuganda kwenyewe hakumo kwenye vitabu vya utambuzi. ADHD imo. Mwongozo wa DSM-5, uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa akili cha Marekani, una dalili 9 za upungufu wa umakini na 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto huhitaji angalau 6 katika kundi moja, na aliyefikisha miaka 17 huhitaji 5. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zijitokeze katika mazingira zaidi ya moja, na baadhi ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12. Ndani ya orodha hiyo utakuta kukwepa kazi zinazotaka kufikiri kwa muda mrefu, kushindwa kupanga shughuli, na kuanza jambo bila kulimaliza. Zikikutana tatu hizo, unapata kile tunachokiita kuganda.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari usiishie kusema "naganda". Mpe tukio: fomu ya kurasa mbili, umekaa nayo wiki ngapi, ulikuwa unafanya nini ulipoitazama, nini kilitokea mwishoni.

3. Tofauti yake na uvivu ni ipi?

Mvivu akikaa anastarehe. Aliyeganda hapati starehe yoyote. Hata simu anayoiperuzi haioni. Alama nyingine ni kwamba unaganda hata mbele ya mambo unayoyapenda (swali la 16).

Lakini nikuambie ukweli, swali hili halina faida kubwa. Nimelipotezea miaka. Hata ukijiridhisha kwamba leo kuna uvivu kidogo ndani yake, utakachofanya ni kilekile kilichoandikwa kwenye swali la 6 na la 7. Hukumu haisafishi sinki.

4. Kwa nini ubongo ugome kwa jambo dogo kiasi hiki?

Kwa sababu haulioni kuwa dogo. Chukua kuosha vyombo. Kwa mtu mwingine ni jambo moja. Kwako ni kuinuka, kuhamisha kikombe kilicho juu ya sufuria, kumwaga yale maji yaliyolala humo tangu jana, kugusa mabaki yaliyolowana, kutafuta sifongo, kugundua kwamba sabuni imeisha. Kila hatua inasimama mbele yako ikisubiri kuidhinishwa, na anayeidhinisha hayupo ofisini.

Mwidhinishaji huyo ni sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga, inayoshikilia lengo akilini na kutoa amri ya kuanza. Ili ifanye kazi vizuri inategemea kemikali mbili, dopamini na noradrenalini, ambazo kwa mwenye ADHD mawasiliano yake huenda tofauti. Matokeo yake, malipo ya mbali hupoteza uzito haraka. Faida itakayokuja wiki ijayo haina nguvu ya kukuinua kitini leo. Na hili huzaliwa nalo: tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba tofauti za ADHD kati ya watu hutokana na urithi kwa takriban asilimia 70 hadi 80.

Mwanasaikolojia Russell Barkley amesisitiza kwa miaka mingi kwamba shida ya ADHD haipo kwenye kujua la kufanya, ipo kwenye kulifanya lile unalolijua. Ndiyo maana ushauri wa "tengeneza ratiba" huingia sikio moja na kutokea la pili. Ratiba ni maarifa zaidi, na maarifa tunayo ya kugawa.

5. Mbona ikibaki saa moja tu nafanya kazi kuliko wote?

Kwa sababu matokeo yamehama kutoka wiki ijayo yamekuja kukaa mlangoni. Mwili unamwaga adrenalini, chaguo zimekwisha, mtu anasubiri. Gari lililokataa ufunguo limewaka kwa kusukumwa.

Tatizo ni gharama. Mwaka 1908 wanasaikolojia Robert Yerkes na John Dodson, wakifanya majaribio na panya, walionyesha kwamba msukumo huongeza ufanisi hadi kiwango fulani, kisha huanza kuuharibu, na kazi ikiwa ngumu uharibifu huanza mapema zaidi. Kwa hiyo presha itakuvusha kwenye ripoti ya ukurasa mmoja na kukuzamisha kwenye tasnifu.

Na kujitukana kuko hivyohivyo. Kunafanya kazi mara mojamoja, na hiyo ndiyo hatari yake: kungekuwa hakufanyi kazi kabisa tungekuwa tumeshakuacha. Angalia presha ilikuwa na nini ndani yake, yaani muda mfupi, mtu anayesubiri na njia moja tu, kisha ujitengenezee vitu hivyo bila hofu. Maswali yanayofuata yote yanahusu hilo.

## Umeganda sasa hivi

6. Nimeganda dakika hii. Nifanye nini?

Iache kazi kwanza, anza na mwili. Simama. Ukishindwa kusimama, chezesha vidole vya miguu, kisha ushushe mguu mmoja chini. Nenda kanywe maji au hamia chumba kingine. Mwili ukishasogea kwa sababu yoyote ile, amri ya pili huwa nyepesi kuliko ya kwanza.

Halafu sema kwa sauti tendo linalofuata, na liwe tendo ambalo mtu angeweza kulipiga picha. "Naandika ripoti" hakipigiki picha. "Nafungua daftari" kinapigika. Fanya hilo tu, na ujipe ruhusa ya kweli ya kuacha hapo. Nasisitiza ya kweli. Ukijiahidi "dakika mbili tu" kila siku halafu ukajikamata saa nzima, baada ya wiki ubongo unakujua kuwa tapeli na hauitikii tena. Mimi siku nyingine nafungua daftari, nalifunga, narudi kukaa. Siku hiyo naihesabu.

Ukiona bado hakuna kinachosogea, jikague kama unavyomkagua mtoto anayelia. Umekula? Umelala? Unabanwa na haja? Kuna mtu alikuambia neno asubuhi bado linachoma? Mara nyingi kazi inasingiziwa.

7. Naambiwa niigawe kazi vipande vidogo. Nimeigawa, na sasa vipande 40 vinanitisha zaidi.

Una haki ya kukasirika. Kugawa kazi ni kupanga, na kupanga ndipo hasa penye ubovu. Ni kama kumwambia mwenye mguu uliovunjika akimbie hospitali.

Usigawe yote. Tafuta kipande kimoja, cha kwanza, kiandike kwenye karatasi ndogo isiyo na nafasi ya cha pili. Kiwe na mwisho unaoonekana: "fungua bahasha" badala ya "shughulikia barua ile". Watu hupenda kutukumbusha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Sawa, lakini shida yetu ni ile haba ya kwanza.

Niliwahi kudaiwa jibu la barua pepe lenye maneno mawili, "Ndiyo, nimeipata". Lilinichukua siku 19. Sikuwa na kazi nyingi, sikuwa na ugomvi na mtu yule. Kilichonivusha ni usiku mmoja nilipofungua ukurasa wa kujibu, nikaandika jina lake na koma, nikaacha skrini hivyohivyo nikaenda kulala. Asubuhi niliikuta kama kazi iliyoanzwa na mtu mwingine, na ya mwenzangu huwa naimalizia bila shida. Tangu hapo kuanza na kumaliza nimevitenga kuwa shughuli mbili za siku mbili.

8. Kwa nini mtu akinipa kampani tu, hata bila kunisaidia, kazi inakwenda?

Hili ni jambo la zamani. Mwaka 1898 mwanasaikolojia Norman Triplett aliona kwamba waendesha baiskeli hukimbia haraka zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakishindana na saa peke yao. Mwaka 1965 mwenzake wa fani hiyo, Robert Zajonc, akaongeza kipande muhimu: kuwepo kwa watu husaidia kazi uliyoizoea na huweza kuvuruga ile ngeni au ngumu. Hivyo basi tumia kampani kwa vyombo, kukunja nguo, kujaza fomu, kupanga makaratasi. Ukitaka kufikiri jambo zito, huenda utahitaji kubaki peke yako, ingawa mtu anaweza kukusindikiza hadi uanze kisha aondoke.

Chagua mtu asiyetoa maoni. Mweleze mwanzoni utafanya nini, kila mmoja ashike lake, mwishoni mwambie kilichotokea. Simu ya video iliyowekwa mezani, kila mtu kimya, inatosha kabisa.

9. Vipi kuhusu saa ya kuhesabu dakika 25?

Mtindo huo ni wa Francesco Cirillo, aliyeubuni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za mapumziko. Wapo unaowafaa. Kwangu kasoro yake ni kwamba nikishaingia kwenye kazi baada ya dakika 20 za kusuasua, kengele inanitoa, na kutoka ni kwepesi mno. Nimeuchakachua: dakika 5 za kuanzia, na mapumziko nayachukua nikiyahitaji.

Muziki nao? Kama unasoma au kuandika, uwe hauna maneno. Zaidi ya hapo ni ladha yako.

## Kabla hujaganda

10. Naweza kujiandaa vipi ili isinitokee kila siku?

Funga tendo kwenye tukio, usilifunge kwenye saa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyeipa nguvu mipango ya namna hii: "likitokea hili, nafanya lile". Saa 3 asubuhi hupita bila kukugusa, lakini kikombe kikitua mezani unakisikia. "Nikiweka kikombe mezani, nafungua kompyuta." Uamuzi unakuwa umeshafanywa jana na mtu aliyekuwa na akili timamu.

Ukiacha kazi jioni, iacheni katikati ya sentensi, wewe na kalamu yako. Sentensi isiyokamilika inavuta. Ukurasa mtupu unasukuma.

Na jiandae kwa msiba: kila mfumo utakaoubuni utakufa, pengine baada ya wiki tatu, ukishakosa upya. Hilo halimaanishi umeshindwa. Kuwa na mitatu uizungushe. Usinunue daftari la tano.

11. Orodha yangu ina mambo 63. Nianzie wapi?

Orodha hiyo ni stoo, na stoo haifanyiwi kazi kwa kuitazama. Toa mambo matatu, yaandike pengine, stoo uifunge. Ukishindwa kuchagua kati ya matatu hayo, rusha sarafu au dadu. Sitanii. Yakiwa na uzito unaokaribiana, kuchagua vibaya kunagharimu kidogo kuliko kutochagua.

## Dawa, utambuzi na kazini

12. Dawa zinaondoa kuganda?

Kwa wengi zinapunguza, na kwa wengine sana. Zinazotumika zaidi ni za kundi la vichangamshi, yaani methilifenideti na zile za jamii ya amfetamini, ambazo huongeza dopamini na noradrenalini inayopatikana kati ya seli za neva. Methilifenideti iliundwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na jina la biashara la Ritalin linatokana na mkewe Marguerite, aliyeitwa Rita. Atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD, si kichangamshi, na huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba dawa inakupa mwendo, haikuchagulii njia. Wengi wetu tumemeza kidonge asubuhi kisha tukapanga picha za simu kwa saa nne kwa umakini wa ajabu. Dawa inapoanza kufanya kazi, ikukute umeshakaa mbele ya kile unachotaka kukifanya.

Vichangamshi vinaweza kupunguza hamu ya kula, kuharibu usingizi na kupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa hiyo viwe mikononi mwa daktari. Usionje cha rafiki. Tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, ikiwa imerekebishwa kwa ajili ya watu wazima wenye ADHD, nayo inasaidia, hasa upande wa kupanga mambo na wa kuacha kujitukana.

13. Nitajuaje kama ni ADHD na si sonona au kitu kingine?

Sonona huondoa ladha. Hata ulichokipenda hakikugusi tena, na mara nyingi unaweza kutaja kipindi ilipoanza. ADHD ina historia ya tangu utotoni, na kuganda kwake huweza kuyeyuka ghafla likitokea jambo la kuvutia. Ila vyote viwili hukaa nyumba moja mara nyingi, na miaka ya kuitwa mzembe yenyewe hutosha kumletea mtu sonona.

Wasiwasi, usonji, usingizi mbovu, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thairoidi pia humfanya mtu ashindwe kuanza mambo. Kama hukuwa hivi na umebadilika ukubwani, kapime hivyo kwanza. Na mtu akiacha kuongea au kula, akakaa mkao mmoja kwa saa nyingi, au ukijiona unawaza kufa, hilo si suala la kusoma maswali na majibu. Tafuta huduma ya dharura leo.

14. Nimweleze bosi?

Inategemea bosi. Sheria zinaweza kukulinda katika baadhi ya nchi: Marekani kuna sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, Uingereza kuna sheria ya usawa ya mwaka 2010, na zote mbili zinaweza kuhusisha ADHD inapoathiri maisha kwa kiasi kikubwa. Lakini unaweza kuomba msaada bila kutaja utambuzi wowote. "Naomba nikuletee rasimu mbovu Jumanne" ni ombi ambalo hakuna bosi anayelikataa, na umeshajipatia mtu anayesubiri.

## Hali za pembeni

15. Nina miadi saa 9 alasiri na tangu asubuhi siwezi kufanya lolote.

Ubongo wako unailinda miadi kwa sababu umeshachomwa: hauiamini saa yake ya ndani. Ajiri mlinzi mwingine. Weka kengele mbili, ya kujiandaa na ya kutoka, na viatu, mkoba na makaratasi yawe mlangoni tayari. Kisha jaza asubuhi kwa kazi zinazokatika popote, kama kufuta ujumbe wa zamani. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua miadi ya kwanza ya siku.

16. Mbona naganda hata kwa ninachokipenda?

Kwa sababu mapenzi hayaondoi kizingiti cha kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine. Na ukikipenda kitu unataka kukifanya vizuri, jambo linalokifanya kizito maradufu. Kuzama kwenye jambo hadi usiku wa manane bila kuweza kuacha ni kasoro hiyohiyo ya gia, ila gari limegomea kwenye mwendo.

17. Nimechelewa mno kumjibu mtu hadi naona aibu.

Kinachokugandisha ni aya ya maelezo unayodhani unadaiwa. Ifute. "Samahani kwa kuchelewa. Jibu ni ndiyo." Wengi hawana muda wa kuhesabu siku zako.

18. Naishi na mtu anayeganda. Nimwambieje?

Usimwambie "si dakika mbili tu?" Anajua ni dakika mbili, na ndicho kinachomuumiza. Muulize "Nikae hapa?" au mpe kitambaa mkononi huku wewe ukifungua bomba. Kwa mtoto mwenye kazi ya shule, kaa naye, muandike tarehe pamoja, soma swali la kwanza kwa sauti, kisha nyamaza.

Hasira yako nayo ni halali. ADHD inaeleza kwa nini vyombo viko pale; haiviondoi. Kaeni siku ambayo hakuna aliyekasirika, mbadilishane kazi: huenda yeye yuko tayari kuzungumza na fundi au kubeba vitu vizito, mambo ambayo wewe unayachukia, nawe ukabaki na sinki.

19. Siku nzima imepotea. Jioni hii nifanye nini?

Usijaribu kulipa deni usiku. Ukikesha, unaihujumu na kesho. Andaa kitu kimoja tu, kikukute asubuhi kimeshaanzwa, kisha ulale. Mimi soksi zangu, zote mbili, huwa naziweka ndani ya viatu.